Barua ya wazi kwa wazazi vijana wa Kiswahili wa London: tusifiche

Wanangu,

Natumai barua hii itawakuta salama, ninyi na watoto. Nawaandikia nyote, mliotoka Mombasa, Unguja, Tanga, Bukavu na Bujumbura, mnaolea watoto huku London Kusini. Mnajituma na watoto wenu mnawapenda, hilo sina shaka nalo. Lakini lipo linaloniuma. Mtoto akipata chawa, mnaficha. Kunguni wakiingia nyumbani, mnaficha. Barua ya chanjo ikija, inatiwa droo na haizungumzwi tena.

Bermondsey, ambako wengi wenu mnapita kwa basi alfajiri mkienda kazini, miaka mia moja iliyopita palikuwa pa mafukara. Wanaume walipakua meli gatini, wanawake na wasichana walifanya kazi kwenye viwanda vya jemu, biskuti na ngozi. Familia nzima ilibanana katika chumba kimoja au viwili. Maghala ya chakula kando ya Mto Thames yaliwanenepesha panya. Kunguni walijaa ndani ya kuta, nyuma ya karatasi zilizobandikwa, na usiku wa joto watu walitoa viti nje wakasinzia mlangoni kuliko kuliwa kitandani. Watoto walipata surua, kifaduro, dondakoo na homa ya skaleti, ile ya koo na vipele vyekundu, na wengi hawakupona.

Hapo alikuwapo daktari mmoja, Alfred Salter, na mkewe Ada. Walichagua kuishi mtaani hapo hapo na watu waliowahudumia. Mtoto wao wa pekee, Joyce, alifariki kwa homa ya skaleti mwaka 1910, akiwa na miaka 8. Nani angewalaumu kama wangehama? Hawakuhama. Mwaka 1922 Ada akawa meya wa Bermondsey, Alfred akachaguliwa mbunge, na chama chao cha Labour kikashika baraza la mtaa.

Katika yote waliyoyafanya, linalonigusa zaidi ni sinema. Idara ya afya ya baraza ilitengeneza filamu zake yenyewe, bubu, zenye maandishi makubwa, kisha ikazitia kwenye gari na kuzungusha mitaani. Gari lilisimama jioni, umeme ukavutwa kutoka kwenye nguzo ya taa, watoto wakajazana mbele na mama zao wakasimama nyuma na vitoto mikononi. Pale pale barabarani, mbele ya majirani, yalizungumzwa meno, nguo chafu, kifua kikuu na dondakoo. Jambo ambalo kila nyumba ililiona siri yake likawa la mtaa mzima. Baada ya hapo ni nani wa kumcheka mwenzake?

Vivyo hivyo kwa wadudu na panya. Sheria ya mwaka 1919 ilimtaka kila mwenye kukaa kwenye jengo aangamize panya waliomo, na kila mwaka kulikuwa na wiki maalumu ya kuwasaka, mwezi Novemba. Katika miaka ya 1930, nyumba mbovu zilipobomolewa na watu kuhamishiwa nyumba mpya, mabaraza yalichukua vitanda na makabati yao kwa gari na kuyafukiza kwa gesi kali kabla ya kuyapeleka makwao mapya. Walijua kuwa kunguni hahami kwa kusemwa.

Lakini si kila kitu kilifanywa kwa heshima, na hili nataka mlijue. Shuleni muuguzi alipita na kitana cha meno membamba, akakagua kichwa baada ya kichwa. Mwenye chawa alitolewa darasani wenzake wakimtazama, akapelekwa kuoshwa. Chawa walitoka, fedheha ikabaki, na mama wakajifunza kuficha. Nimewauguza wazee wa Kiingereza waliokuwa bado wanalikumbuka jambo hilo kwa uchungu. Kwa hiyo ninapowaona mkificha nawaelewa, ila mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa chanjo. Dondakoo hutanda utando wa kijivu kooni mwa mtoto mpaka akakosa pumzi. Waliougua walipelekwa hospitali za kutengwa, na wazazi wengi waliishia kuwatazama watoto wao kupitia dirishani. Nyumba bora na maziwa ya shuleni vilisaidia dhidi ya maradhi mengi, lakini dondakoo halikutishika. Miji ya Kanada na Marekani ilianza kuchanja kwa wingi tangu miaka ya 1920. Uingereza ikasuasua, isipokuwa mabaraza machache yaliyojitahidi, na Bermondsey likiwa mojawapo. Mwaka 1940, England na Wales zilikuwa na wagonjwa zaidi ya 46,000 na vifo karibu 2,500, wengi wao watoto. Ndipo taifa zima likaanza kuchanja bure. Kufikia mwaka 1957 wagonjwa hawakufika hata 50, na vifo vilikuwa 6.

Anayewaambia kuwa maradhi haya yalijiondokea yenyewe kwa usafi, mwonyesheni hesabu hiyo. Wala msidhani yamekwisha. Mwaka 2022 virusi vya polio vilikutwa kwenye maji taka ya London hii hii. Surua nayo imerudi, kwa sababu watoto waliochanjwa katika jiji hili hawafiki ile asilimia 95 inayotakiwa ili isienee.

Basi nawasihi. Mtoto akiwa na chawa, iambie shule na waambie wazazi wa wenzake siku hiyo hiyo, la sivyo atatibiwa leo na kuambukizwa tena kesho. Nywele zikiwa zimesukwa, zifumue kwanza. Zilowanishe, zipake kondishena, kisha pitisha kitana polepole kuanzia kwenye ngozi mpaka ncha, fungu kwa fungu. Fanya hivyo siku ya 1, ya 5, ya 9 na ya 13, maana mayai huanguliwa baadaye. Kunguni wakiingia, ripoti kwa mwenye nyumba au baraza kwa maandishi, na jirani wa ukuta mmoja naye ajue. Msipulize dawa za sokoni kwa siri chumbani anamolala mtoto.

Na ambao karatasi zenu za uhamiaji hazijakaa sawa, sikieni: kujiandikisha kwa daktari wa mtaa hakuhitaji karatasi hizo, na chanjo za watoto ni bure. Ukikataliwa mapokezi, usirudi nyumbani ukanyamaza. Njoo unichukue twende wote.

Kila Jumamosi watoto wakiwa darasa la Kiswahili, mimi nakaa kule nyuma karibu na birika la chai. Njooni na kile kitabu chekundu cha mtoto kinachoandikwa afya na chanjo zake. Tutakifungua pamoja tuone ni dozi gani iliyorukwa, na simu ya kuomba miadi tutaipiga hapo hapo.

Bibi yenu,
muuguzi mstaafu, London Kusini