Kabla ya Kununua Kifaa cha Kusomea Vitabu, Jua Vitabu Vyako Vitatoka Wapi

Mteja anayetaka kifaa cha kusomea vitabu kwa mara ya kwanza huanza, karibu kila mara, kwa kutuuliza ni kipi chenye skrini nzuri zaidi. Sisi humrudishia swali jingine: vitabu utakavyosoma utavipata wapi? Tunauliza hivyo kwa sababu vifaa vinavyojulikana zaidi, viwe vya Kindle, Kobo au PocketBook, hutumia skrini za wino wa kielektroniki zinazotengenezwa na kampuni moja, E Ink, na nyingi kati yake zimekwisha kufikia nukta 300 kwa kila inchi, kiwango kinachofanya herufi zionekane safi kama zilizochapwa. Ndani ya skrini hizo mna vifuko vidogo mno vyenye chembe nyeupe na nyeusi ambazo husogezwa kwa umeme; zikishatulia mahali pake, ukurasa hubaki ulivyo bila kutumia umeme tena, ndiyo maana chaji moja huweza kudumu kwa wiki kadhaa. Sifa hizo ni nzuri kweli, lakini kwa kuwa karibu vyote vinazo, hazimsaidii sana mnunuzi kuchagua.

Tofauti inayomgusa msomaji kila siku iko kwenye faili. Kindle, iliyoanza kuuzwa mwaka 2007, imefungamana na duka la Amazon, na kwa kawaida kitabu kilichonunuliwa humo huwekewa kufuli la kidijitali linalokifanya kisomeke kwenye vifaa na programu za Amazon pekee. Mwezi Februari 2025 kampuni hiyo iliondoa hata njia ya kukipakua kitabu ulichonunua kwenye kompyuta ili ukihamishie kwenye kifaa kwa waya wa USB. Kwa upande mwingine kuna muundo wa faili za vitabu uitwao EPUB, ambao maduka mengi na wachapishaji wengi huutumia. Kobo na PocketBook huufungua moja kwa moja, ilhali kwenye Kindle kwa kawaida faili ya EPUB hupitishwa kwanza kwenye huduma ya Amazon ya kutuma nyaraka, ambako hubadilishwa. Kobo nayo huuza vitabu vyenye kufuli, tusifiche hilo, ila vingi kati yake vinaweza kufunguliwa kwenye vifaa vya kampuni nyingine vinavyokubali mfumo wa kufuli wa Adobe.

Kwa hiyo ushauri wetu hutegemea mahali msomaji alipo. Aliyekwisha kununua vitabu vingi Amazon abaki na Kindle, kwa kuwa akihama ataviacha nyuma. Ambaye hajanunua hata kimoja, tunampendekezea kifaa kinachofungua EPUB bila kuzunguka, kwa sababu kifaa hatimaye huchakaa, na ni haki ya msomaji kubaki na vitabu vyake siku atakapokibadilisha. Anayeazima vitabu maktaba aulize kwanza kama maktaba yake hutumia OverDrive, huduma ya kuazima vitabu vya kielektroniki kutoka maktaba: Kobo nyingi zina huduma hiyo ndani yake katika nchi inakopatikana, lakini kwa Kindle uazimaji wa namna hiyo unapatikana Marekani tu.

Kuna kundi moja la wateja ambalo huondoka limevunjika moyo lisipoelezwa mapema, nao ni wanaosoma PDF. Ukurasa wa PDF uliopangwa kwa karatasi ya A4 ukifunguliwa kwenye skrini ya inchi 6 hujibana wote humo, herufi zikawa ndogo kama punje za ulezi. Ukiukuza, mstari hukatika upande wa kulia, nawe unalazimika kuuvuta huku na huku kwa kidole, na kila unapouvuta skrini husitasita kabla ya kutulia. EPUB haina adha hiyo, kwa kuwa maneno yake hujipanga upya kulingana na ukubwa wa herufi unaoutaka. Mwanafunzi au mtafiti ambaye kazi yake ni PDF tupu atafute skrini ya inchi 10 au zaidi, ama anunue kishikwambi cha kawaida.

Kuhusu rangi, vifaa vingi vya rangi huonyesha maandishi meusi kwa nukta 300 lakini rangi kwa nukta 150 tu, tena mandhari yake huwa na kiza kidogo. Kwa asomaye riwaya hatuoni haja yake. Vitufe vya kufungulia kurasa tunavithamini zaidi, hasa kwa anayesoma kwa mkono mmoja.

Ukinunua kilichotumika, kiwashe mbele ya muuzaji na uhakikishe kimeondolewa kwenye akaunti ya mwenyewe wa awali, kwa maana Kindle iliyoripotiwa kuibwa au kupotea inaweza kukataa kabisa kusajiliwa kwa jina lako.