Hesabu ya bamvua iingie darasani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie hisabati ambayo watoto wa pwani huiona kila siku, lakini darasani hatuigusi.

Siku ya kusi kali, mtu aliyesimama ufukweni Jambiani huona vurugu tupu, wala hakuna awezaye kusema wimbi lijalo litavunjikia wapi. Hata hivyo, chini ya vurugu hiyo maji hujaa na kupwa kwa mpango maalumu: kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50, kwa kuwa dunia ikitimiza saa 24 huukuta mwezi umekwisha kusogea, ikabidi izunguke kidogo zaidi ili iufikie.

Shangazi yangu, mkulima wa mwani asiyewahi kukalia dawati, huitegemea hesabu hiyo. Huhesabu tarehe za mwezi mwandamo kwa vifundo vya vidole: siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ikiwa leo yamepwa saa nne asubuhi, kesho yatapwa karibu saa tano kasorobo (siku hizo huchelewa pungufu kidogo ya wastani), na keshokutwa saa tano na nusu hivi, mpaka yanapokuwa maji mafu, yaani yanapojaa na kupwa kidogo tu, na shamba halifikiki. Baada ya siku 15 hivi, saa nne ile hurudi.

Katika miaka ya 1870, William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, aliunda mashine ya magurudumu ambamo kila gurudumu lilishika mvuto mmoja, huu wa mwezi, ule wa jua, na jumla yake ikachora maji ya mwaka mzima. Ndiyo maana majedwali ya maji ya mwaka ujao huchapishwa mapema, ilhali mvua ya mwezi ujao hakuna awezaye kuitajia siku.

Inaniuma kwamba katika shule niliyofundisha, wanafunzi walikariri mchoro wa mstari unaopanda na kushuka huku dirishani bahari ikipwa, na hakuna aliyewaambia kuwa ni kitu kimoja. Nawasihi watunzi wa mitaala na walimu wenzangu wa pwani: mpeni mwanafunzi kijiti chenye alama za sentimita, akichomeke majini, asome kina kila baada ya saa moja tangu asubuhi hadi jioni, kisha achore grafu yake mwenyewe. Bamvua afanye hivyo, na maji mafu arudie.

Mwalimu wa hisabati,
Kusini Unguja