Miche ya nyasi bahari isihesabiwe siku ya kupanda

Mhariri,

Kampeni za kupanda nyasi bahari zimekuwa nyingi, na habari zake huandikwa karibu kwa namna moja: miche elfu kadhaa imepandwa, wageni wamepigwa picha wakiwa wamepiga magoti majini, habari imekwisha. Naomba kurasa za mazingira ziache kuitegemea idadi hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliokusanya majaribio 1,786 ya kurejesha nyasi bahari kutoka sehemu mbalimbali za dunia, ulikadiria kuwa ni asilimia 37 tu ya majaribio ambayo mimea yake ilidumu. Mengi hushindwa kabla mche wa kwanza haujagusa mchanga, kwa sababu hakuna aliyeuliza nyasi za zamani zilikufa kwa nini.

Nyasi bahari ni mimea kamili. Zina mizizi, zina shina linalotambaa chini ya mchanga, hutoa maua na mbegu humohumo majini. Mwani hauna lolote kati ya hayo: hujishikiza kwenye mwamba au huelea, na hunyonya virutubisho kwa mwili mzima. Tofauti hii ndiyo inayoongoza kazi yote. Baadhi ya mwani huishi kwa mwanga usiofika asilimia moja ya ule unaopiga juu ya maji. Nyasi bahari kwa wastani huhitaji kama asilimia 11, na aina nyingine huhitaji zaidi, kwa sababu majani yanalazimika kulisha mizizi na mashina yasiyoona jua kamwe.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kupima maji. Sahani nyeupe yenye kipenyo cha sentimita 30, iliyofungwa kwenye kamba yenye alama, hushushwa upande wa kivuli wa chombo mpaka isionekane tena. Kifaa hiki, kiitwacho sahani ya Secchi, kimetumika tangu 1865 na bado kinatosha. Kina ambacho sahani hupotea kinakaribiana na mpaka ambao nyasi bahari huishia. Ikipotea kwenye mita mbili, anayepanda kwenye mita tatu anazika miche. Kipimo cha siku moja hakisaidii: pima maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa, wakati wa kiangazi na wakati mito inapomwaga tope. Mmea huvumilia giza kwa kula akiba ya wanga iliyo kwenye shina, na maji machafu yakidumu wiki kadhaa akiba hiyo huisha. Kuna mpaka wa juu pia. Wakati wa bamvua, maji yakikupwa kabisa, eneo lisilobaki na maji huanika majani juani, na aina nyingi haziwezi kustahimili.

Kinachotia giza mara nyingi ni nitrojeni ya mbolea na maji taka. Hulisha planktoni, yaani viumbe vidogo sana vinavyoelea, ambazo huchafua maji, na hulisha mwani mwembamba unaoota juu ya jani na kulifunika. Konokono na kamba wadogo huukwangua mwani huo kila siku. Samaki wakubwa wakivuliwa kupita kiasi, samaki wadogo huongezeka, huwala wasafishaji hao, na majani hukabwa hata pale ambapo maji si machafu sana. Mradi unaopanda miche bila kugusa mbolea wala uvuvi unafanya nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi.

Baada ya maji, tope. Ingiza mkono sentimita tano hadi kumi. Likitoka jeusi lenye harufu kali ya yai bovu, hapo kuna haidrojeni salfaidi nyingi, sumu inayotengenezwa na bakteria wanaoozesha mabaki pasipo oksijeni. Nyasi zilizostawi hujikinga: mchana husukuma oksijeni kutoka kwenye majani hadi mizizini, nayo huivunja sumu. Mahali pengine husaidiwa na kombe wadogo wa jamii ya Lucinidae, ambao bakteria walio ndani ya matamvua yao huila salfaidi hiyo. Mche uliokatwa jana una majani machache na mizizi iliyojeruhiwa. Hauna nguvu hiyo.

Vipimo vikiridhisha, panda kwanza vipande vidogo vya majaribio katika sehemu kadhaa zenye kina tofauti, uvitazame hadi msimu mbaya kuliko yote upite. Mche mzuri ni kipande cha shina chenye ncha inayokua na machipukizi matatu au zaidi; kisicho na ncha hukaa kijani kwa muda kisha hufifia bila kutambaa. Usichimbe eneo moja la shamba mama, yaani nyasi za asili unakotoa miche, mpaka libaki wazi. Okota kidogo kidogo, mbalimbali, ili pia upate mimea yenye asili tofauti, kwa kuwa shamba la nasaba moja huyumba pamoja likipatwa na joto au ugonjwa. Weka miche kivulini ndani ya maji ya bahari, usiiache ikauke hata kidogo, na uipande siku hiyohiyo au kesho yake. Laza shina sentimita chache tu chini ya mchanga, majani yakiwa juu, ulibane kwa pini ya mwanzi au ya chuma iliyopindwa. Makosa mawili hujirudia hapa: kufukia ncha kwa kina mno ikaoza, na kubana juu juu hata wimbi la kwanza likang'oa. Majaribio yakishika, panua kwa ukubwa wa kutosha. Utafiti ule wa 2016 ulionyesha kuwa upandaji mkubwa hufaulu zaidi, kwani mimea mingi pamoja hupunguza nguvu ya mawimbi na kutuliza tope.

Mifano miwili ya Marekani inaonyesha jinsi sababu ya kifo inavyoamua tiba. Katika Tampa Bay, Florida, tatizo lilikuwa nitrojeni. Maji taka yaliposafishwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, nyasi zilirudi kwa sehemu kubwa zenyewe, na kufikia katikati ya miaka ya 2010 zilikuwa zimevuka kiwango cha miaka ya 1950, ingawa baadaye zilipungua tena. Katika ghuba za mwambao wa Virginia hali ilikuwa kinyume. Ugonjwa na kimbunga cha 1933 vilifuta nyasi aina ya Zostera marina, maji yakabaki safi, ila hapakuwa na mbegu karibu. Kuanzia 1999 zilitawanywa mbegu zaidi ya milioni 70 katika maeneo ya jumla ya hekta 200 hivi, na miaka ishirini baadaye nyasi zilikuwa zimeenea zaidi ya hekta 3,600. Mbegu nyingi ziliharibika, kama kawaida ya mbegu, lakini kilichokosekana kilikuwa ndicho kilicholetwa.

Nyasi zilizopo zina thamani kuliko zozote zitakazopandwa. Shina la Posidonia oceanica ya Mediterania hutambaa sentimita chache tu kwa mwaka, na chini yake kuna tabaka la mashina na mizizi lililojijenga kwa maelfu ya miaka likifungia kaboni. Mnyororo wa nanga unaozunguka na upepo hukwangua duara tupu. Boya lenye kamba inayoelea katikati ya maji halina madhara hayo. Majani makavu yanayotupwa ufukweni nayo huondolewa kwa mashine kana kwamba ni taka, na mchanga huondoka nayo. Yaachwe, hupunguza mmomonyoko. (Sargassum ni jambo lingine. Huo ni mwani unaoelea, na ukirundikana kwa wingi hutoa gesi ya sumu unapooza. Huo uzolewe mapema, na usifanywe mbolea kabla ya kupimwa aseniki.)

Madai ya kwamba nyasi hizi zinatupatia oksijeni ya kupumua pia yaachwe. Planktoni na viumbe wengine wa baharini hufanya karibu nusu ya usanisinuru wa dunia, lakini oksijeni hiyo karibu yote hutumika baharini humohumo. Nyasi bahari hazihitaji sifa ya kuazima: hulea samaki wachanga, hulisha nguva na kasa, hushika mchanga.

Mwandishi anayealikwa kwenye upandaji aulize basi: nyasi zilitoweka lini na kwa sababu gani, sababu hiyo imeondolewa na nani, sahani ilipotea kwenye kina gani msimu wa tope, na miche ilitolewa wapi. Kisha arudi mwaka wa pili na wa tano, aombe hesabu ya machipukizi ndani ya fremu za nusu mita kwa nusu mita, zilizowekwa palepale kila baada ya miezi mitatu, pamoja na picha za shamba mama lililochimbwa.

Msomaji wako