Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti, Aprili 2025: Tathmini ya Chipukizi wa Houston Texans

Ndugu wanachama,

Katika mkutano wetu wa mwaka jana mliiagiza kamati ya utendaji iache utaratibu wa kumpa kila chipukizi alama usiku ule ule anapotangazwa, na badala yake ipime upya wachezaji ambao Houston Texans, timu yetu ya futiboli ya Marekani, wamewachukua kupitia drafti (uchaguzi wa wachezaji wapya) tangu Nick Caserio alipokuwa meneja mkuu mwezi Januari 2021. Kazi hiyo tumeifanya. Taarifa hii inaeleza tulichokiona, inataja pale ambapo sisi wenyewe tulikosea, na inatoa mapendekezo ya kamati kabla ya drafti itakayofanyika Green Bay kuanzia tarehe 24 Aprili 2025.

Kwa ajili ya wanachama wapya, hasa waliofika Houston hivi karibuni kutoka Lubumbashi, Bujumbura na Kigoma, naomba nianze na jambo la msingi. Wengi wetu tumelelewa na soka, ambako klabu yenye fedha humnunua mchezaji inayemtaka. Katika NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, mambo hayaendi hivyo. Vijana wanaotoka vyuo vikuu huchaguliwa kwa zamu, katika duru saba, na timu iliyofanya vibaya zaidi ndiyo hutangulia, isipokuwa kama imeuza zamu yake kwa timu nyingine. Mshahara hufuata nafasi ambayo mchezaji alichaguliwa, mkataba huwa wa miaka minne, na kwa wale wa duru ya kwanza klabu ina hiari ya kuongeza mwaka wa tano. Kijana aliyeachwa na timu zote 32 huwa huru kusaini popote anapotakiwa, kwa mkataba wa miaka mitatu. Kwa hiyo bei halisi ya chipukizi ni zamu iliyotumika kumpata, kwa kuwa zamu ikishatumika hairudi, na kwa bei hiyo ndipo tulipompima kila mmoja.

Kanuni ya pili tuliyojiwekea ni kutomhukumu mchezaji kabla ya msimu wake wa tatu kwisha. Kanuni hii hatukuiokota hewani. Makubaliano kati ya ligi na chama cha wachezaji yenyewe yanaizuia klabu kumwongezea mkataba mchezaji wa drafti kabla hajamaliza misimu mitatu, maana yake hata wenye fedha zao hulazimika kusubiri. Sisi tusio na chochote cha kupoteza isipokuwa usingizi tulikuwa tukitoa hukumu kwa dakika tano.

Nico Collins, mpokeaji wa pasi, ndiye aliyetufundisha zaidi. Alichukuliwa mwaka 2021 katika duru ya tatu, nambari 89, na Houston walitoa machaguo mengine, yaani zamu zao nyingine, ili wapande kumfikia. Msimu wa kwanza alipata yadi 446 kwa pasi alizopokea, wa pili 481, na katika kumbukumbu zetu za wakati huo jina lake limeandikwa pamoja na wale tuliodhani wataachwa. Msimu wa tatu alipata yadi 1,297. Mwezi Mei 2024 klabu ilimwongezea mkataba wa miaka mitatu wenye thamani ya dola milioni 72.75, na msimu uliofuata, ingawa aliumia na kucheza mechi 12 tu, alivuka tena yadi 1,000. Mchezaji alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni mwalimu, mfumo na mtu wa kumrushia mpira, na hayo yote hakuna anayeweza kuyaona usiku wa drafti.

Derek Stingley naye tulimkosea, na ninaandika hili kwa majuto kwa sababu nilikuwa mmoja wa waliosema kwa sauti kubwa. Mwaka 2022 Houston walimchukua katika nafasi ya tatu, na New York Jets wakamchukua beki mwenzake, Sauce Gardner, katika nafasi ya nne. Gardner alitawazwa chipukizi bora wa ulinzi mwaka huo huo, huku Stingley akikosa mechi kadhaa kwa maumivu ya msuli wa paja. Tuliandika kwamba klabu imechagua jina badala ya mchezaji. Tangu hapo Stingley amenasa pasi tano msimu wa 2023 na tano nyingine msimu wa 2024, ameingia katika kikosi cha kwanza cha All-Pro (orodha ya wachezaji bora wa ligi), na mwezi uliopita, mara tu kipindi cha misimu mitatu kilipotimia, amesaini nyongeza ya miaka mitatu kwa dola milioni 90. Kamati imefuta alama ya awali na kumweka katika daraja la juu kabisa.

Wazee wa chama watakumbuka kwamba kosa hili si geni mjini kwetu. Mwaka 2006 Mario Williams alipochaguliwa wa kwanza kabisa, watu walikasirika kwa sababu walimtaka Vince Young, mtoto wa Houston, au Reggie Bush. Mwaka 2011 mashabiki wa hapa hapa walimzomea J.J. Watt alipotangazwa katika nafasi ya 11, na Watt akaja kuwa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi nzima mara tatu.

Sasa nije kwenye hesabu kubwa, ambayo wanachama wengi waliomba ifafanuliwe, yaani hesabu ya kile Houston walichopata kwa kumwachia Cleveland kotabeki (mrusha pasi mkuu) Deshaun Watson mwezi Machi 2022. Cleveland walitoa machaguo matatu ya duru ya kwanza, ya miaka 2022, 2023 na 2024, pamoja na mengine ya duru za chini. La mwaka 2022 lilikuwa nambari 13. Houston walibadilishana na Philadelphia, wakashuka hadi 15, na hapo wakamchukua Kenyon Green. La mwaka 2023 lilikuwa nambari 12, na lilipelekwa Arizona pamoja na nambari 33 na machaguo mawili ya mwaka 2024, la duru ya kwanza na la duru ya tatu, ili kupata nafasi ya tatu, ambayo ilimleta Will Anderson, pamoja na nambari 105. La mwaka 2024 lilikuwa nambari 23, likauzwa Minnesota. Miongoni mwa vilivyorudi ilikuwa nambari 42, iliyomleta beki wa pembeni Kamari Lassiter, na chaguo la duru ya pili la 2025, ambalo baadaye lilitolewa Buffalo ili kumpata Stefon Diggs. Diggs aliumia goti mwezi Oktoba na mwezi Machi mwaka huu amehamia New England.

Ukiufuata uzi huu hadi mwisho unaona kwamba fungu moja limezaa nguzo, moja limezaa beki anayekua vizuri, na moja limepotea. Kuhusu Anderson, usiku ule wa Aprili 2023 wengi wetu tulilalamika kwamba bei ilikuwa kubwa mno, na kusema kweli ilikuwa kubwa. Lakini msimu wa kwanza alimwangusha kotabeki wa upinzani mara saba na kutawazwa chipukizi bora wa ulinzi, msimu wa pili akafikisha mara 11, na jambo muhimu zaidi ni kwamba timu ilipata matokeo bora mapema kiasi kwamba lile chaguo la duru ya kwanza lililokwenda Arizona liliishia nambari 27 tu. Bado hajamaliza msimu wa tatu, kwa hiyo alama yake ni ya muda. Hata hivyo kamati nzima inaamini kwamba itapanda.

Nambari mbili ya drafti hiyo hiyo ilikuwa C.J. Stroud, na hapa bahati lazima itajwe. Tarehe 8 Januari 2023, katika mechi ya mwisho ya msimu mbaya, Houston waliwafunga Indianapolis 32 kwa 31 dakika za mwisho kabisa, na kwa ushindi huo wakaipoteza nafasi ya kwanza ya drafti. Wako wanachama waliotoka sebuleni wakiwa wamenuna kana kwamba tumefungwa. Nafasi ya kwanza iliangukia Chicago, wakaiuza Carolina, Carolina wakamchukua Bryce Young, na Stroud akabaki kwetu. Msimu wake wa kwanza alirusha yadi 4,108 na tachidauni (mabao) 23, pasi zake zikanaswa tano tu, na dhidi ya Tampa Bay alirusha yadi 470 katika mechi moja, rekodi ya chipukizi katika ligi. Timu iliyokuwa imeshinda mechi tatu mwaka uliotangulia ilishinda kumi na kuchukua ubingwa wa kundi lake.

Msimu wa pili ulikuwa mgumu. Pasi zilizonaswa zilifika 12, naye akaangushwa mara 52, ukilinganisha na mara 38 mwaka uliotangulia. Katika mechi ya mchujo kule Kansas City mwezi Januari, tulipofungwa 23 kwa 14, aliangushwa mara nane. Baadhi yenu mmeandika kwa kamati mkitaka Stroud ashushwe daraja. Kamati imekataa, na ninaiunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu kijana anayefikiwa na watu wawili kabla hajainua mkono hapimwi kwa pasi aliyorusha. Wanaostahili kupimwa hapo ni wale waliowekwa mbele yake kumlinda, na wale waliowachagua.

Hapa ndipo penye donda. Caserio amechagua mabeki kwa jicho kali sana: Stingley, Jalen Pitre aliyechukuliwa nambari 37, Lassiter, na Calen Bullock wa nambari 78, ambaye amenasa pasi tano katika msimu wake wa kwanza. Lakini katika walinzi wa kotabeki, wale watano wa mstari wa mbele, klabu imetumia zamu za thamani bila kupata inachotafuta. Green alianza mechi nyingi mwaka 2022, akakosa msimu mzima wa 2023 kwa jeraha la bega, akapoteza nafasi yake mwaka 2024, na mwezi uliopita amepelekwa Philadelphia katika mabadilishano yaliyomleta C.J. Gardner-Johnson. Kwa nambari 15, hilo ni chaguo lililoshindwa, na tunalisema bila kumdharau kijana aliyepambana na mwili wake. Juice Scruggs, nambari 62 mwaka 2023, amehamishwa kutoka nafasi moja hadi nyingine kiasi kwamba hatuwezi kusema kazi yake hasa ni ipi. Blake Fisher, nambari 59 mwaka jana, bado anajifunza. Aliyetupa faida kulingana na bei yake ni Jarrett Patterson wa duru ya sita, nambari 201, aliyeingia kucheza senta (mlinzi wa katikati) Scruggs alipoumia na kuimudu kazi hadi alipovunjika kifundo cha mguu.

Mwezi uliopita klabu imemwachia Washington mlinzi wake bora, Laremy Tunsil, kwa kubadilishana na machaguo. Kamati haipingi uamuzi huo moja kwa moja, kwa sababu mstari uliokuwepo pamoja na Tunsil ndio ule ule ulioacha Stroud aangushwe mara 52. Ila sasa pengo ni kubwa zaidi, na mkufunzi wa mstari huo ameondolewa pamoja na mratibu wa mashambulizi, Bobby Slowik.

Kuhusu Tank Dell, aliyetoka chuo kikuu cha hapa hapa mjini na ambaye Stroud mwenyewe aliomba achukuliwe, kamati imeamua kutotoa alama. Nambari 69 kwa mpokeaji aliyepata yadi 709 na tachidauni saba kabla ya kuvunjika mguu ilikuwa biashara nzuri. Kisha mwezi Desemba mwaka jana goti lake liliharibika vibaya kule Kansas City. Tumempelekea salamu za pole kwa niaba yenu.

Juu ya wasiochaguliwa sina maneno mengi. Klabu huingia kambini na wachezaji 90 na kubaki na 53, pamoja na 16 wa kikosi cha mazoezi, kwa hiyo wengi wa vijana hao huondoka kabla hatujajua majina yao. Lakini Houston imewahi kumpata Arian Foster kwa njia hiyo mwaka 2009, na mwaka uliofuata akaongoza ligi kwa kukimbia yadi 1,616. Na Ka'imi Fairbairn, aliyesaini mwaka 2016 bila kuchaguliwa na yeyote, ndiye anayetupigia mikwaju hadi leo. Kamati inaomba wanachama wanaohudhuria mazoezi ya wazi ya mwezi Agosti waandike wanachokiona kwa vijana hawa, kwa sababu sisi tunaoishi hapa tuna nafasi ya kuwaona kwa macho.

Mapendekezo ya kamati ni haya. Alama za usiku wa drafti zifutwe kabisa, na mahali pake tuandike bei tu, yaani zamu iliyotumika na kilichotolewa kuipata. Alama ya muda itolewe baada ya msimu wa pili, na ya kudumu baada ya wa tatu. Wachezaji wa mstari wa mbele wapimwe na jopo lao peke yao, chini ya wanachama waliowahi kucheza nafasi hizo katika shule za sekondari za hapa, kwani wengine wetu macho yetu hufuata mpira na kuwasahau wanaoufungulia njia.

Houston wanashika nafasi ya 25 katika duru ya kwanza na ya 58 katika duru ya pili. Msimamo wa kamati ni kwamba moja kati ya hizo mbili itumike kwa mlinzi wa pembeni wa mstari wa mbele, na kwamba klabu isitoe duru ya kwanza ya mwaka ujao ili kupanda. Wenye maoni tofauti wayawasilishe kwa katibu kwa maandishi kabla ya tarehe 20 Aprili, yasomwe mkutanoni kabla ya kura.

Wenu katika utumishi,
Mwenyekiti