Noeli njema, na kwa wakunga pia

Ndugu, jamaa na marafiki, heri ya Noeli! Mwaka huu sitaki kadi ya theluji na misonobari. Nawatumia picha ya Kuzaliwa kwa Yesu ambayo Duccio wa Siena, Italia, aliichora kati ya 1308 na 1311, juu ya ubao, kwa rangi zilizokorogwa na kiini cha yai. Siku hizi iko National Gallery of Art, Washington. Ni ndogo, kimo chake hakifiki nusu mita, kwa hiyo ikuzeni kwenye simu muitazame polepole.

Macho yatakimbilia kwa Mariamu. Amechorwa mkubwa kuliko wote, amejilaza pangoni juu ya godoro jekundu, kajifunika joho la buluu. Mzazi anapumzika, na ndivyo inavyotakiwa. Yosefu kaketi pembeni, kama baba yeyote aliyeambiwa asubiri nje. Ng'ombe na punda wapo horini, ingawa Luka hakuwataja. Walitoka kwa nabii Isaya, aliyesema kuwa ng'ombe amjua bwana wake. Isaya mwenyewe kasimama upande mmoja wa picha, na Ezekieli upande wa pili.

Sasa shusheni macho. Mtoto mliyemwona horini yuko tena huku chini, uchi, ndani ya beseni, na wanawake wawili wanamwogesha. Hao ni wakunga. Hawamo katika Injili yoyote kati ya zile nne. Waliingia kupitia masimulizi ya kale yaliyobaki nje ya Biblia. Mimi nawapenda kuliko malaika wote waliojaa pale juu kwenye dhahabu. Wenzao wanaimba na kushangaa, wao wana mtoto wa kuosha.

Picha hii ilikuwa kipande cha picha kubwa ya kuwekwa altareni. Tarehe 9 Juni 1311 watu wa Siena walifunga maduka, wakaisindikiza hadi kanisa kuu, kengele zikilia. Katika fahari yote ile, walikuwa wamebeba pia beseni la kuogeshea mtoto.

Basi salamu za kwanza ni zenu wauguzi na wakunga mlio zamu usiku wa mkesha, nanyi mnaodeki wodi wakati wengine tuko misani. Tutawawekea pilau. Nanyi mliojifungua mwezi huu, laleni. Wageni watajipakulia wenyewe.

Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya!