Nimesalimu amri kwa Sharpe

Tanga, Jumapili jioni

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, goti la bibi limepoa, mvua tu ndiyo haina adabu.

Nimezimaliza filamu za Sharpe, yule askari wa Kiingereza wa vita vya Napoleon, zote 14 za 1993 hadi 1997, na nakuandikia kukuomba radhi. Unakumbuka nilivyobisha kwamba mwigizaji wake hamfai? Sharpe niliyemsoma kwenye vitabu vya Bernard Cornwell, aliyemtunga, ana nywele nyeusi, mtoto wa vichochoro vya London. Huyu Sean Bean na nywele zake za rangi ya mahindi na lafudhi ya Sheffield katokea wapi? Kumbe hata hakuwa chaguo la kwanza. Alikuwa mwigizaji mwingine, Paul McGann. Wamefika Crimea kupiga picha, akaumia goti akicheza mpira, ndipo Bean akaitwa mbiombio. Goti tu, somo! Na Cornwell mwenyewe keshasalimu amri: kitabu chake kimoja cha 1995 kamtunukia Bean, halafu akaja kutunga kwamba Sharpe alipokuwa kijana alitoroka London akakimbilia Yorkshire, ilikokuwa Sheffield ya Bean. Lafudhi ikapatiwa kwao. Mwenye mali akiridhia, mimi nani?

Kilichonilainisha hasa ni pale Sharpe anapowafundisha askari wapya kupiga risasi tatu kwa dakika. Bunduki zile za gumegume nilidhani ni kufyatua tu. Wapi! Unang'ata karatasi kwa meno, unamimina baruti, unatia risasi, unashindilia, na mbele yako Wafaransa wanakuja na ngoma zao.

Na yule sajini mwovu Hakeswill, anayeigizwa na Pete Postlethwaite! Anavua kofia anaongea na picha ya mama yake iliyomo ndani, taratibu, kama mtoto anayesema uongo. Usiku ule nilikagua komeo mara mbili.

Vita vyenyewe, hapo sisamehi. Kwenye vita vya Talavera, Hispania, mwaka 1809 Waingereza peke yao walikuwa wapata 20,000. Kwenye filamu hawajazi daladala tatu. Moshi mwingi, kelele nyingi. Shemeji yako akapita nyuma yangu akauliza, "Hilo ndilo jeshi, au wanangoja wenzao?" Nikakosa la kumjibu.

Zile mbili walizopigia India, ya 2006 na ya 2008, sijaziona. Ukipata mtu anayekuja huku mpe flashi. Na kile kitabu changu chenye jalada lililochanika, usijitie kusahau.

Ni mimi somo yako.