Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024: Tunachochoma, Tunachonunua Ziwani na Tunachomwaga

Ndugu wanachama, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Nawashukuru wanachama wa chama chetu cha migahawa na nyumba za wageni mliofunga biashara leo kuja hapa, maana najua siku moja ya kufunga inakula faida ya siku kadhaa. Na mlioacha sufuria mikononi mwa vijana mkiwa na wasiwasi wa kuungua, nitajitahidi nisiwacheleweshe. Mahesabu atayasoma mweka hazina baada yangu. Majina ya wanachama wapya anayo katibu. Mimi nitazungumzia jambo lililotushika mwaka mzima hapa Kigoma Ujiji, nalo ni namna majiko yetu yanavyolitegemea ziwa na msitu.

MIEZI MITATU BILA MWALO

Tarehe 15 Mei 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Kila mmoja wetu anaikumbuka wiki ile ya kwanza. Kibirizi kimya, Katonga kimya, maboti yamevutwa nchi kavu, na mteja anaingia anaagiza mgebuka, samaki wetu wa kuchoma, kama kawaida. Sisi tumezoea dagaa kuadimika siku za mbalamwezi, kwa sababu taa za wavuvi hazifui dafu mbele ya mwezi. Siku hizo tunajipanga na maharage na nyama, zinapita. Miezi mitatu mfululizo ilikuwa kitu kingine.

Kwenye kikao chetu cha Juni baadhi yenu mlitaka chama kiandike barua kuomba ziwa lifunguliwe mapema. Nilikataa kuisaini, na wapo walioondoka wamenuna. Naomba nieleze tena, kwa heshima, kwa nini nilikataa.

Dagaa wetu ni samaki wa maisha mafupi. Haishi sana zaidi ya mwaka mmoja: anakua upesi, anazaa, anaondoka. Ukimkokota na kokoro au chandarua cha mbu akiwa bado mchanga, umemtoa kabla hajaacha mtoto. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ya kukua upesi, ukimpa nafasi anarudi upesi pia. Na mgebuka anaishi kwa kumla dagaa. Kwa hiyo sahani yetu ya shilingi nyingi imesimama juu ya sahani yetu ya shilingi chache. Dagaa akiisha, usitegemee mgebuka wa kuchoma wa Jumamosi jioni.

Kuna jambo jingine ambalo wazee wavuvi wa Ujiji wanalijua kwa mazoea: upepo wa kusi. Ziwa letu lina kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na maji ya chini hayana hewa kabisa. Rutuba imelala huko huko chini. Kusi ya kiangazi ndiyo inayotikisa maji na kuipandisha, vijimea na vijidudu vya majini vikapata chakula, dagaa naye akala. Watafiti waliopima ziwa hili kwa miaka mingi wameona maji ya juu yanazidi kupata joto, na maji ya joto hukaa juu kama mawese juu ya mchuzi, hayataki kuchanganyika na ya chini. Ina maana ziwa lina mzigo wake hata kabla nyavu zetu hazijaingia. Mimi siwezi kuipoza dunia kutoka Gungu. Kuacha kununua samaki mchanga naweza, na ninyi mnaweza.

Nataka niwapongeze wanachama wa Mwanga, hasa mama lishe, kwa walichofanya miezi ile. Walitoa ubao nje, wakaandika wazi kwamba leo samaki hakuna, na chini yake wakaandika kilichopo: maharage ya mawese, kisamvu, kuku, ugali wa muhogo. Hawakumdanganya mteja kwa kipande cha samaki wa friji wa tangu enzi. Wateja walilalamika siku mbili tatu, kisha wakala. Mama mmoja ameniambia kisamvu chake kimebaki kwenye ubao mpaka leo, kwa sababu watu sasa wanakifuata chenyewe.

Wapo pia walionunua samaki waliovuliwa kwa siri usiku katika miezi hiyo. Sitawataja. Nasema tu kwamba jambo lile liliniuma, kwa sababu wenzao walikuwa wanavumilia. Kamati imepitisha, nanyi mtapiga kura leo, kwamba mwanachama wa chama hiki hanunui samaki katika kipindi cha kufungwa, na hanunui mgebuka mchanga wa ukubwa wa kiganja wakati wowote ule.

MKAA

Hapa ndipo nitakaa zaidi, kwa sababu ziwa tunalishiriki nchi nne, bali gunia la mkaa tunalinunua wenyewe mlangoni kwetu.

Tanuri la kawaida la udongo, lile la porini, linahitaji kilo tano hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Chukua gunia lako la wiki, uligeuze liwe magogo, halafu uyapange uani. Mimi nilipofanya hesabu hiyo kwa mgahawa wangu peke yake, nilipata rundo ambalo uani kwangu lisingeingia. Na magogo hayo ni miti ya miombo ya upande wa Uvinza na kwingine, miti inayochukua miaka mingi kufikia unene wa kukatwa.

Wenye nyumba za kulala wageni mnapokea watalii wa Gombe, hifadhi ya sokwe, mnaijua habari ya vilima vile. Dkt. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika pale mwaka 1960 kukiwa na msitu mpana. Alipopita juu kwa ndege mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliona vilima vya nje ya hifadhi vimekuwa vipara, na mwaka 1994 ukaanza mradi wa kufanya kazi na vijiji vinavyoizunguka hifadhi ili miti irudi. Mgeni anayelala kwetu anakuja kwa ajili ya msitu ule, halafu sisi tunampikia chai kwa mkaa uliotokana na msitu mwingine. Jambo hili limekuwa likinisumbua kwa muda mrefu.

Serikali nayo imeshatoa mwelekeo. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa ziache kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024, na mwezi Mei mwaka huu ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Wengi wetu hatufiki watu 100. Sioni sababu ya kusubiri mpaka tufikiwe.

Tulianza na maharage, na nawashauri nanyi muanze hapo. Maharage ndiyo yanayokula mkaa kuliko chakula chochote katika mgahawa mdogo: saa mbili, saa tatu, jiko moja limeshikwa nayo tu. Jambo la kwanza halina gharama hata shilingi: yaloweke tangu jioni, umwage maji yale, upike na kifuniko. La pili ni presha kuka ya umeme. Kilo moja ya maharage yaliyolowekwa haimalizi uniti moja, na kwa bei ya shilingi 356 kwa uniti, kila mmoja apige hesabu na mkaa anaoutumia kwa kilo hiyo hiyo. Wale wanachama wanane ambao mfuko wa chama uliwakopesha presha kuka wameanza kurejesha mkopo, na hakuna aliyeomba kuirudisha. Makande, utumbo na supu ya kongoro vinaingia humo pia. Ugali wa watu wengi hauingii. Huo unataka sufuria pana, mwiko na nguvu za mkono, na wengi mmeuhamishia kwenye gesi.

Mgebuka wa kuchoma ubaki kwenye mkaa. Wapo walionilaumu kwamba nataka kufuta mapishi ya Kigoma, hapana. Samaki wa kuchoma anastahili makaa yake. Ninachoomba ni jiko banifu lenye udongo ndani badala ya bati tupu, makaa yazimwe kwa kufunikwa usiku yatumike kesho, na mkaa usiwashwe saa moja kabla ya mteja wa kwanza kufika.

Sasa nitoe habari isiyofurahisha. Mwezi Machi uongozi ulinunua mkaa mbadala, ule wa mabaki yaliyoshindiliwa, mwingi kwa pamoja, kwa nia ya kuwapunguzia bei. Hatukuujaribu kwanza kwenye majiko yetu, na tuliuweka kwenye stoo inayovuja wakati wa masika. Mliuchukua ukiwa na unyevu, ukawatolea moshi, wateja wakakimbia meza, na wengine mkaurudisha. Kosa lilikuwa la uongozi, na langu mimi niliyesaini manunuzi. Fedha zenu zimerudishwa kutoka mfuko wa dharura na mweka hazina atawaonyesha. Mkaa mbadala wenyewe sijaukatia tamaa. Tutanunua magunia machache, tutaukausha, tutaujaribu majikoni mwa wanakamati kwanza.

MITARO NA MABAKI

Ziwa Tanganyika lina njia moja tu ya kutolea maji, Mto Lukuga upande wa Kongo, na maji mengi zaidi huondoka kwa kufuka juani. Mvuke haubebi mafuta wala sabuni. Tunachokimwaga mtaroni kikifika ziwani, kinabaki humo na vitukuu vyetu.

Kwa hiyo mafuta ya kukaangia yaliyochoka yasimwagwe. Yachujwe, yapoe, yawekwe dumuni. Fundi mmoja wa hapa Mwanga ametuonyesha kishimo cha matofali chenye vyumba viwili kinachojengwa kabla ya mtaro: mafuta yanaelea chumba cha kwanza, maji yanapita kwa chini. Migahawa mitano imeshajenga, na anayetaka kuona aje kwangu. Kinataka kusafishwa kila wiki. Kikiachwa kinanuka, na majirani watawajia juu kwa haki.

Maganda na mabaki ya sahani yanakwenda kwa wafuga bata na kuku. Hilo wengi mmelifanya tangu zamani bila kufundishwa. Lililobaki ni kuyatenga na plastiki tangu mezani.

Kuhusu plastiki nitasema kwa ufupi. Mifuko ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, lakini bado naona chipsi za moto zikitiwa kwenye vile vifungashio laini. Mteja anayekuja na hotpoti yake apimiwe kwa ukarimu. Mimi humwongezea kachumbari.

NYUMBA ZA WAGENI

Kikao cha wenye gesti kilikubaliana kwamba mgeni anayekaa siku kadhaa abadilishiwe mashuka anapoomba au kila baada ya siku tatu, na kwamba matangi yanayovuja yazibwe kwanza kabla ya kununua mengine. Hakuna aliyepinga.

YALIYO MBELE YETU

Kura ni mbili leo: ya samaki, niliyoieleza, na ya kuongeza mchango wa mwezi kwa ajili ya mfuko wa majiko. Fomu za mkopo wa presha kuka na jiko banifu ziko kwa katibu, meza ya karibu na mlango. Zimepangwa kwa foleni, na safari hii tutaanza na wenye majiko madogo, akina mama wa kule Kibirizi ambao maji ya ziwa yalipopanda yaliwahamisha na mabanda yao. Asiye tayari kukopa lakini anataka kujaribu, aandike jina lake na neno "maharage". Nitapita kwake mwenyewe jioni moja na presha kuka yangu, yeye aloweke tu.